Roboti inawaka, ila Ubuntu haiioni

Ndugu, kama roboti yako ya Arduino inawaka taa lakini /dev/ttyUSB0 (jina ambalo mfumo huipa bodi ikichomekwa USB) haipo kwenye Ubuntu 22.04, usikimbilie bisibisi. Chomoa waya wa USB, chomeka tena, kisha kwenye terminal andika sudo dmesg | tail, uone ujumbe wa mwisho wa mfumo. Ukiona ch341 (kiendeshi cha CH340, chipu ya USB kwenye bodi) imeunganishwa halafu papo hapo ikakatika, na jina brltty limo humo, mchawi ndiye huyo. Ni programu ya nukta nundu kwa wasioona. Inaidhania chipu ya CH340 kuwa kifaa chake. Kama huihitaji: sudo apt remove brltty. Mimi ilinila jioni nzima!

Dmesg ikikaa kimya kabisa, badilisha waya, nyingine ni za kuchaji tu. Ukipewa "Permission denied" (huna ruhusa), andika sudo usermod -aG dialout $USER ujiongeze kwenye kundi lenye ruhusa, toka, ingia upya.