Siku 180 si miezi sita: kwa familia za wanajeshi zinazoishi kwenye RV ndani ya kambi

Ujumbe uliosababisha makala hii ni mfupi. Dada mmoja, mumewe ni askari wa Jeshi la Marekani, wana watoto wawili, wanaishi kwenye RV, nyumba ya magurudumu, ndani ya kambi. Ameandika: "Leo tumekuta karatasi mlangoni, tunatakiwa kutoka baada ya siku kumi na nne. Tulijua maadamu baba anafanya kazi hapa hapa, hakuna wa kututoa. Tufanyeje?"

Dada yangu, hiyo imani ndiyo iliyowaponza, na hamko peke yenu. Jeshi hilo lina Wakenya, Watanzania na Wakongomani wengi, baadhi yao waliingia kupitia MAVNI, ule mpango wa kuandikisha wageni wenye lugha adimu, Kiswahili kikiwemo, hadi uliposimamishwa 2016. Wengi wamenunua RV kwa sababu ile ile: posho ya nyumba, BAH, inaendelea kuingia kwa kuwa hamjapewa nyumba ya serikali, ada ya uwanja wa kuegesha RV mara nyingi ni ndogo kuliko kodi ya mtaani, na siku ya uhamisho unavuta nyumba yako unaondoka. Hesabu ni nzuri. Kinachosahaulika ni kwamba uwanja wa RV wa kambini hauhesabiwi kuwa makazi. Ni huduma ya burudani. Uko chini ya MWR, ofisi ya ustawi na burudani ya kambi, fungu moja na uwanja wa gofu na boti za kukodi, na unatakiwa kujiendesha kwa ada za wageni. Ulichosaini pale mapokezi ni fomu ya mgeni wa muda, wala si mkataba wa kupanga. Ndiyo maana kumtoa mtu pale hakufuati ngazi zile za mahakama ambazo mwenye nyumba wa mtaani analazimika kuzifuata, na kamanda wa kambi anaweza hata kumzuia mtu asiingie tena kambini. Askari anayebishana na msimamizi wa uwanja akidhani ana haki za mpangaji anapoteza siku alizobakiwa nazo.

Kikomo cha siku za kukaa hakifanani kila mahali. Jeshi la Anga huita viwanja vyake FamCamp, Jeshi la Wanamaji huviweka chini ya Navy Getaways, na Jeshi la Nchi Kavu lina vya kwake, lakini neno la mwisho ni la kambi yenyewe. Utakuta siku 14, 30, 90 au 180. Utakuta pia kambi inayowapa muda mrefu walio na oda za uhamisho, huku mstaafu akipewa mfupi, au msimu wa baridi una sheria zake. Kambi za kusini, kama MacDill kule Tampa au Davis-Monthan kule Tucson, hujaa wastaafu wanaokimbia theluji kuanzia vuli hadi Aprili, na hapo msimamizi hana nafasi ya kukuongezea hata akikuonea huruma. Sigsbee, kule Key West, wageni huzungushwa: unatoka kwenye nafasi yenye umeme na bomba la maji machafu, unakwenda kukaa kwenye eneo lisilo na huduma, unasubiri zamu yako irudi. Kwa hiyo usichukue jibu la rafiki aliye kambi nyingine. Omba sheria za uwanja wako kwa maandishi, zenye tarehe, uzisome zote.

Tukishazipata, kuna mambo manne ya kutafuta ndani yake, na hapa ndipo watu wanapoumia.

La kwanza ni hesabu ya siku. Sheria ikisema siku 180, watu husikia miezi sita. Chukua familia iliyoingia 1 Agosti. Miezi sita inawafikisha 1 Februari. Hesabu sasa: Agosti 31, Septemba 30, Oktoba 31, Novemba 30, Desemba 31, Januari 31. Hizo ni 184. Usiku wao wa 180 ni wa 27 Januari, na wanatakiwa wawe wametoka 28 Januari. Wamezidisha siku nne bila kujua, na siku nne hizo zikiangukia nafasi ambayo mwingine ameshailipia, hakuna mazungumzo tena.

La pili, siku zinahesabiwa kwa nani: kwa gari, kwa nafasi au kwa mwenye kitambulisho? Kuhama kutoka nafasi namba 14 kwenda namba 22 mara nyingi hakuanzishi hesabu upya, na kubadilisha jina la anayelipa kutoka mume kwenda mke ni njia ambayo wasimamizi wanaijua vizuri. La tatu, ukitoka unatakiwa kukaa nje muda gani kabla ya kurudi? Kuna viwanja vinavyotaka usiku mmoja, vingine mwezi mzima, vingine vinajumlisha siku zako zote ndani ya miezi kumi na miwili. La nne ni nani mwenye mamlaka ya kuongeza muda. Ukilijua jina la cheo hicho mapema, barua yako haitazunguka meza tatu.

Barua yenyewe ndiyo kazi kubwa, na wengi huiandika wakiwa wameshachelewa. Iandike ukiwa umebakiwa na siku 60. Ukiwa na 14, kama dada huyu, iandike leo, uipeleke kwa mkono na ubaki na nakala iliyopigwa mhuri au kusainiwa kuwa imepokelewa. Isizidi ukurasa mmoja. Usijaze huruma. Kamanda anasoma barua nyingi zenye machozi, na kinachomwezesha kusaini ni sababu inayofungwa na tarehe. Kwa mfano:

"Sisi ni familia ya watu wanne, nafasi namba 14. Tuliingia 1 Agosti, kikomo chetu ni 28 Januari. Naomba nyongeza ya siku 62, hadi 31 Machi. Sababu: jina letu liko kwenye orodha ya kusubiri nyumba ya kambi, na ofisi ya nyumba inatarajia nafasi mwezi Machi. Ada zote zimelipwa hadi leo. Tuko tayari kuhamia nafasi yoyote, ikiwemo isiyo na bomba la maji machafu, kama hii imeshawekwa nafasi na mtu mwingine."

Sentensi ile ya mwisho ina uzito kuliko zote. Msimamizi anayepewa familia inayoweza kusogezwa ana pa kuanzia. Ambatisha oda, stakabadhi za ada, na barua ya ofisi ya nyumba inayoonyesha mko wapi kwenye orodha. Hiyo ya ofisi ya nyumba iombeni hata kama hamna hamu ya kuishi nyumba ya kambi. Bila hiyo, swali la kwanza la kamanda litakuwa: mmejaribu nini kingine? Askari aipitishe pia kwa sajenti mkuu wa kombania yake. Neno moja kutoka huko kwenda kwa mkurugenzi wa MWR, au kwa kikosi cha Force Support upande wa Jeshi la Anga, linafika mahali ambapo mke akipiga simu peke yake hafikishwi. Sipendi kwamba iko hivyo, maana mara nyingi mke ndiye anayejua kila risiti iko wapi, lakini ndivyo kambi inavyokwenda. Na ofisi ya msaada wa kisheria ya kambi haitozi senti. Ipelekee sheria za uwanja pamoja na karatasi iliyobandikwa mlangoni, waangalie kama taarifa imetolewa kwa muda unaotakiwa.

Mkikataliwa, au mkitakiwa kukaa nje mwezi mmoja kabla ya kurudi, mnahitaji mahali pa kati. Viwanja vya Kikosi cha Wahandisi wa Jeshi, kandokando ya mabwawa, ni vya raia wote, na kikomo chao cha kawaida ni siku 14 ndani ya siku 30. Ardhi ya wazi ya BLM, idara ya serikali inayosimamia ardhi ya umma, kule magharibi kwa kawaida ni siku 14 ndani ya siku 28, kisha unasogea. Aliye Yuma ana bahati: eneo la Imperial Dam, karibu na uwanja wa majaribio wa jeshi, ni miongoni mwa yale ambayo BLM hutoa kibali cha msimu mzima, 15 Septemba hadi 15 Aprili, ingawa umeme ni wa kwako mwenyewe. Kadi ya bure ya hifadhi za taifa wanayopewa wanajeshi inafungua geti, haikulipii kulala. Viwanja binafsi vya mtaani navyo vina mahesabu yake. Kule California, kwa mfano, anayekaa zaidi ya siku 30 mfululizo anaingia daraja jingine la haki kisheria, na anayefika miezi tisa jingine tena, kwa hiyo usishangae mwenye uwanja akikutaka uondoke kabla siku hizo hazijatimia.

Sasa gari lenyewe. Kikomo kinaonyesha ukweli mmoja mchungu: RV iliyosimama miezi sita inaweza isitembee. Nyumba ya kambini lazima iweze kuondoka wiki hii hii, la sivyo umenunua kibanda.

Anza na matairi. Kwenye ubavu wa tairi tafuta herufi DOT. Tarakimu nne za mwisho ni wiki na mwaka: 2319 maana yake wiki ya 23 ya 2019. Tairi la trela lililofika miaka mitano mpaka saba libadilishe hata kama meno yake ni mapya, maana mpira unakufa kwa jua na kusimama, na huo mpasuko wa ndani hauonekani mpaka uko barabara kuu na watoto nyuma. Jaza upepo asubuhi tairi likiwa baridi. Beringi zipakwe grisi mara moja kwa mwaka. Breki za umeme zijaribiwe kabla ya siku ya safari, kwa sababu sumaku zake hushika kutu trela likikaa kwenye unyevu. Ukishatembea maili 50, simama ukaze tena nati za magurudumu kwa spana ya kupimia nguvu.

Tangi la choo ndilo linalowaumbua wengi. Kwa kuwa mmeunganishwa na bomba, kuna kishawishi cha kuiacha vali wazi siku zote. Usifanye hivyo. Maji yanatangulia, uchafu mgumu unabaki na kurundikana chini ya choo kama kichuguu, unakauka, na siku ya kuhama hakuna dawa inayoutoa kwa saa moja. Vali ya choo ifungwe, ifunguliwe tangi likifika theluthi mbili, kisha ulisuuze. La maji ya sinki limwagwe baada ya la choo ili lioshe mpira wa kumwagia uchafu. Na usisafiri na tangi lililojaa: galoni 40 ni karibu kilo 150 ambazo ekseli haikuziomba.

Halafu umeme. Mmezoea ampea 50, yaani wati 12,000. Mahali pa kati mtapewa pengine ampea 30, wati 3,600. Kiyoyozi kimoja kinaweza kula 1,500, hita ya maji ya umeme 1,400, maikrowevu inamalizia, na swichi inaruka. Nunueni adapta mapema, na hita ya maji iwashwe kwa gesi. Bima pia iangalieni: ya mtu wa likizo inaweza kukataa kulipa ikigundulika mnaishi humo mwaka mzima. Kuna ya wakaaji wa kudumu, ombeni hiyo kwa jina.

Kama uamuzi ni kupanga nyumba mtaani, someni kipengele cha uhamisho kabla ya kusaini. Sheria ya SCRA, sheria ya shirikisho inayowalinda wanajeshi kwenye mikataba na madeni, inamruhusu askari kuvunja mkataba akipata oda za kuhama kituo, au za kupelekwa kazini siku 90 na zaidi, kwa kumpa mwenye nyumba taarifa ya maandishi pamoja na nakala ya oda. Mkataba wa kulipa kila mwezi unakwisha siku 30 baada ya tarehe ya kodi inayofuata: taarifa ikifika 20 Machi na kodi ni ya 1 Aprili, mko huru 1 Mei. Lakini haiwalindi mkitaka kuvunja mkataba kwa sababu tu nafasi ya RV imepatikana tena, au nyumba ya kambi imetokea. Hilo hakikisheni limeandikwa ndani ya mkataba wenyewe.

Watoto wasikae nyumbani kusubiri anwani. Sheria ya shirikisho ya McKinney-Vento inamtaja mtoto anayeishi kwenye uwanja wa kambi za burudani kwa kukosa makazi mengine ya kutosha, na shule inatakiwa kumpokea mara moja hata kama hati hazijakamilika. Kila wilaya ya shule ina afisa wa jambo hilo, muulizieni.

Na bibi anayekuja kutoka Kisumu au Moshi kumwona mjukuu? Viwanja vingi vinaweka kikomo cha siku za mgeni pia, tena kifupi. Kwa mwenye pasipoti ya kigeni, ombi la kuingia kambini linapelekwa kabla, likiwa na jina la askari mdhamini, na majibu yanaweza kuchukua wiki kadhaa. Msimwekee safari wiki ambayo siku zenu zinaisha. Mama wa miaka sabini hatakiwi kufungashiwa mizigo usiku kwenda kulala kando ya bwawa.

Siku ya kutoka, ombeni risiti yenye tarehe na saa ya kuondoka, mpige picha nafasi ikiwa tupu na kisanduku cha umeme kikiwa kimefungwa. Mkirudi baadaye, siku za kukaa nje zitahesabiwa kuanzia karatasi hiyo.