Mhamo wa awamu usiusome kwa macho, ukokotoe

Wanafunzi ninaowasaidia hisabati hupata amplitudi (kimo cha wimbi) na kipindi (urefu wa mzunguko mmoja) vya grafu ya sini bila jasho, kisha wanakwama kwenye mhamo wa awamu, yaani umbali ambao wimbi limesogea kulia au kushoto. Wanautazama tu mlinganyo na kuandika namba ya kwanza wanayoiona.

Chukua y = −3 sin(2x − 60°) + 1. Amplitudi ni 3, wala si −3, kwa kuwa ni umbali kutoka mstari wa katikati hadi kileleni, na umbali hauwi hasi. Ile hasi kazi yake ni kupindua wimbi juu chini. Kipindi ni 360° ÷ 2, yaani 180°. Hapo hakuna ugomvi.

Sasa mhamo. Wengi hujibu 60°. Sivyo! Chukua kilicho ndani ya mabano, kifanye kiwe sifuri: 2x − 60° = 0, kwa hiyo x = 30°. Jibu likiwa chanya, wimbi limehamia kulia. Likiwa hasi, kushoto. Binafsi sipendi kukariri fomula ya mhamo, maana alama yake hubadilika kulingana na jinsi mwandishi alivyoandika mabano. Sifuri haibadiliki.

Kisha hakiki kwa kuchora. Gawanya kipindi kwa 4, upate 45°, uanze pale 30°: 30°, 75°, 120°, 165°, 210°. Thamani za y zinatoka 1, −2, 1, 4, 1. Kilele 4, bonde −2. Tofauti yao ni 6, nusu yake 3. Amplitudi imejithibitisha yenyewe. Ile +1 imepandisha mstari wa katikati, basi.

Ukipewa grafu na kutakiwa uandike mlinganyo, usishtuke jibu la mwenzako likitofautiana na lako. Wimbi hilihili laweza kuandikwa y = 3 sin 2(x − 120°) + 1: hasi imetoweka, mhamo umekuwa 120°, na yote mawili ni sahihi. Mimi hupenda kuanzia kileleni na kutumia kosaini, kwa sababu kilele huonekana waziwazi kuliko mahali wimbi linapokata mstari wa katikati.

Tanjenti iweke kando: haina amplitudi, kwani hupanda bila kikomo, na kipindi chake hupatikana kwa kugawanya 180°, si 360°. Mhamo wake, hata hivyo, unapatikana kwa sifuri ileile ya mabano.