Wasomaji wanauliza: Mbu mgeni wa malaria anayezaliana kwenye matangi

Kwetu Marsabit malaria tuliijua kama ugonjwa wa baada ya mvua. Sasa tunaambiwa kuna mbu anayeileta hata kiangazi. Ni kweli? (Mwalimu, Marsabit)

Ni kweli. Anaitwa Anopheles stephensi, na asili yake ni India, Pakistan na upande wa Ghuba. Barani Afrika aligunduliwa Jibuti mwaka 2012, akafuata Ethiopia na Sudan mwaka 2016. Kenya ilimpata huko huko kwenu, mwaka 2022. Mbu wa malaria tuliyemzoea hutaga kwenye madimbwi ya mvua, na dimbwi likikauka naye hupungua. Huyu hutaga kwenye maji yaliyowekwa akiba: pipa, tangi la saruji, shimo la maji kwenye mjengo. Ukame ukizidi watu huweka maji zaidi, naye anazidi kupata pa kuzalia. Jibuti ilikuwa na wagonjwa 27 mwaka 2012. Mwaka 2020 walipita 73,000. Si yeye pekee aliyechangia, lakini mji unaoishi kwa maji ya akiba haufai kumpuuza.

Pipa langu la lita 200 lina mfuniko, ila viluwiluwi havikomi. Kwa nini? (Mwenye hoteli, Isiolo)

Tatizo huwa ni mfuniko wenyewe. Bati au ubao uliolazwa tu juu huacha upenyo pembeni, na upenyo mdogo unamtosha mbu. Ukitumia kitambaa, kivute kikaze, ukifunge kwa mpira wa tyubu. Kikilegea na kugusa maji, mbu atatagia juu yake.

Kutoka yai hadi mbu anayeruka ni kama siku 8 hadi 14, kutegemea joto, kwa hiyo limalize pipa na kulisafisha kila wiki. Mabaki yamwage kwenye udongo mkavu, si mtaroni. Mayai ya Anopheles huelea juu ya maji, yakimwagwa yamekwisha. Lakini pipa hilo hilo hukaliwa na Aedes wa homa ya dengue, na mayai yake hugandama ukutani, yakavumilia ukavu kwa miezi. Basi sugua kwa brashi, hasa pale maji yanapoacha alama. Klorini ya kutibu maji ya kunywa haiui viluwiluwi. Mafuta ya taa usiyatie kabisa.

Tangi kubwa lisilomwagika lifungwe wavu kwenye bomba la kufurikia na tundu la hewa, matundu yasizidi milimita 1.5. Ikishindikana, muone afisa wa afya ya umma kuhusu temefosi, dawa ya kuua viluwiluwi majini. Ile ya chembechembe za asilimia 1 hutiwa gramu 10 kwa kila lita 100: pipa lako gramu 20, tangi la lita 5,000 gramu 500. Ipimwe kwa mizani. Kukisia kwa kiganja ndiko kunakoharibu.

Nitamtambuaje? (Fundi bomba, Moyale)

Kiluwiluwi cha Anopheles hulala sambamba na uso wa maji. Cha Culex, mbu wa kawaida wa nyumbani, au Aedes huning'inia kichwa chini. Kama ni stephensi au ndugu zake, macho hayatoshi, ni maabara. Chota kwa kata nyeupe, tia kwenye chupa isiyojaa, andika tarehe, mtaa na aina ya chombo, iweke kivulini na uipeleke ofisi ya afya siku hiyo hiyo.

Mgonjwa ana homa na baridi kali, lakini kipimo cha haraka kinasema hana malaria. (Muuguzi, Garissa)

Soma kwanza kasha la kipimo. Vingi hutafuta protini ya HRP2, ambayo ni ya kimelea cha malaria kiitwacho falciparum pekee, na stephensi hubeba kimelea kingine, vivax, pia. Isitoshe, falciparum wasio na jeni ya protini hiyo wameshapatikana Jibuti na Eritrea. Chukua damu ikaangaliwe kwa hadubini, na usimruke mgonjwa kwa sababu hajasafiri. Ikiwa ni vivax, dawa mseto ya kawaida ya malaria haifikii vimelea vilivyojificha kwenye ini, ugonjwa utarudi. Primakwini ndiyo huvimaliza, lakini kwanza apimwe kimeng'enya cha G6PD, kwani akiwa na upungufu wake chembe nyekundu za damu huweza kupasuka. Mjamzito hapewi.