Pikipiki iliibiwa, kituoni ikaandikwa imepotea

Miaka michache iliyopita pikipiki yangu iliibiwa Mbagala, Dar es Salaam, nje ya duka la dawa, mchana kweupe. Nikaenda kituoni, nikatoa maelezo, nikapewa RB, yaani namba ya taarifa kwenye kitabu cha kituo, nikarudi nyumbani nikijua kesi imeanza. Wiki tatu kimya. Nilipofuatilia ndipo mpelelezi mmoja akanisomea kilichoandikwa: mlalamikaji "amepoteza" pikipiki. Jamani, pikipiki inapoteaje, kama ufunguo? Lakini kwa neno lile moja hapakuwa na jinai ya kupeleleza, na sahihi ya chini ilikuwa yangu.

Kwa hiyo, ndugu zangu, maelezo yako yasome kabla hujatia sahihi. Mwandiko usipoeleweka, omba usomewe. Ukikuta neno si lako, lisahihishwe hapo hapo, hata kama afande anaguna.

Halafu RB si jalada. RB inaonyesha tu kwamba taarifa yako imepokelewa. Uliza kama jalada la uchunguzi limefunguliwa, namba yake ya IR (ya rejista ya uchunguzi) ni ipi, na amepewa mpelelezi gani. Mpelelezi ana nafasi ya kuamua amhoji nani kwanza na aanzie wapi, na majalada anayo mengi, hilo siligombi. Niliyemgomba ni yule aliyetaka "hela ya mafuta" ndipo aende kumhoji mlinzi wa duka aliyeona kila kitu. Uamuzi wa kazi ulishageuka bei.

Kelele za kaunta hazikunisaidia. Iliyonisaidia ni barua ya ukurasa mmoja kwa OC-CID, mkuu wa upelelezi wa wilaya: tarehe, namba, nani aliniambia nini. Nakala yangu nikahakikisha imegongwa muhuri wa kupokelewa. Maelezo yakachukuliwa upya, mpelelezi akabadilishwa. Ukikaa bila jibu, panda kwa RCO, mkuu wa upelelezi wa mkoa, kisha Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. La rushwa, TAKUKURU wapo kwenye 113, simu ni bure.

Na siku ukiwa upande wa pili, umemfuata ndugu aliyekamatwa, kumbuka dhamana ya polisi hailipiwi. Andika saa aliyokamatwa. Sheria inazihesabu saa 24 za kupewa dhamana au kufikishwa mahakamani.

Pikipiki yenyewe haijapatikana hadi leo. Nakala yenye muhuri ninayo bado, nimeibana pamoja na kadi ya pikipiki.