Usiongeze betri ya pili, hesabu paneli kwanza

Mkuu, usinunue hiyo betri. Rudi nyumbani na hela yako.

Umesema una paneli moja ya sola ya wati 200, betri ya jeli ya 200Ah (Ah ni ampea-saa, kipimo cha chaji) yenye miaka miwili, TV inazima saa tatu usiku, na fundi kakwambia ongeza jeli nyingine mpya ya 200Ah uziunge sambamba, yaani chanya kwa chanya na hasi kwa hasi. Ukauliza pia habari ya lithiamu. Tuanze na huyo fundi, maana wa kwangu aliimba wimbo huohuo.

Paneli ya wati 200 ya volti 18, jua likiwa zuri, inatoa kama ampea 11. Jua la maana ni saa 5 kwa siku. Hiyo ni 55Ah, kabla ya vumbi na mawingu ya masika. Taa zako sita, TV ya inchi 32, king'amuzi na simu zinakula kama wati-saa 500 kwa jioni moja, na hiyo friji ndogo 500 nyingine. Gawa 1,000 kwa volti 12: ni 83Ah, na inveta, inayogeuza umeme wa betri uwe wa kuwasha TV, nayo ina mlo wake hata ikiwa imekaa bure. Unaingiza 55, unatoa 90. Maji yakiwa hayatoshi, hununui simtank la pili, unatafuta bomba kubwa!

Tena itakudanganya vizuri. Betri mpya inakuja na chaji ya dukani, kwa hiyo siku tatu nne TV inafika saa sita na unampigia fundi kumshukuru. (Hiyo simu naijutia kuliko hela.) Baada ya hapo una betri mbili zenye njaa badala ya moja. Betri ya risasi, na jeli ni mojawapo, ikikaa nusu tupu siku baada ya siku, salfeti inaganda kwenye bamba zake na hairudi tena. Miezi michache tu, 200Ah inabaki jina kwenye stika. Kuunga mpya na kuukuu sambamba ndiyo mbaya zaidi: kuukuu ikiwa na seli mbovu, usiku mpya inailisha, na zote zinazeeka pamoja. Mbili za kwangu sasa zinashikilia mlango wa banda la kuku, na sijawahi kuona kuku wenye ulinzi wa gharama vile.

Kanuni yangu ni moja: betri ya risasi, iwe ya maji, AGM (ile iliyofungwa, tindikali yake imenyonywa na mkeka) au jeli, lazima ijae karibu kila siku. Ampea za kuchaji zisipungue asilimia 10 ya Ah zake. 200Ah inataka ampea 20. Wewe una 11, na ukiongeza betri unataka 40! Muuzaji anayajua haya, ila kamisheni haipo kwenye hesabu, ipo kwenye betri.

Kwa bei ya hiyo jeli chukua paneli mbili kama uliyonayo. Zikiwa tatu unapata ampea 33, siku nzuri 165Ah, na wingu likikata nusu bado una 80. Weka kontrola, kile kifaa kinachosimamia chaji kati ya paneli na betri, ya ampea 40. Iseti kwenye jeli, isipite volti 14.1 au 14.2 (soma stika yako), na zima kabisa "equalize", ile chaji ya volti ya juu, hiyo ni ya betri za maji. Inveta nyingi zinakata kwenye volti 10.5, wakati huo betri imeshachunwa ngozi. Wewe zima mwenyewe betri ikikaribia volti 12.0 wakati TV inawaka. Na betri iondoe chini ya bati: kila nyuzi joto 10 juu ya 25 zinapunguza umri wake kama nusu.

Ukija kununua jeli siku nyingine, nenda na mzani. 200Ah halisi ina kilo 55 na kuendelea. Yenye kilo 30 ni 100Ah iliyovaa koti la kaka yake.

Lithiamu, yaani LiFePO4, ya 100Ah inakupa zaidi ya wati-saa 1,000 za kutumia, karibu sawa na jeli ya 200Ah unayoishusha nusu tu, na haiumii ikikosa kujaa. Ila kwa paneli moja nayo itakuzimia saa tatu ileile. Na usithubutu kuiunga sambamba na jeli.

Kesho kabla jua halijachomoza, mzigo wote ukiwa umezimwa tangu usiku, weka multimita, yaani kipima volti, kwenye nguzo za betri. Volti 12.2 ni nusu. Ikisoma 11.8 wakati jioni kontrola ilionyesha imejaa, hiyo betri imeshakufa, tafuta banda la kuku. Lete namba hapa kabla hujatoa hata shilingi.