Usiulize tu seva iko wapi

Chama chetu kidogo hapa Goma hupokea kwa barua pepe majina ya akina mama wanaohitaji matibabu. Ni majina ambayo mtu wa tatu hapaswi kuyaona. Kwa kuwa mimi ndiye ninayeitwa "wa kompyuta", nikatumwa kutafuta sanduku la barua lililo salama.

Nilianza vibaya. Niliona kampuni moja ya Marekani inayojisifu kwamba data za wateja wake zinakaa Ulaya, kwenye seva (kompyuta za kutunzia data) zilizo huko, nikaridhika. Kumbe ghala linaweza kuwa Gisenyi, ng'ambo ya mpaka huko Rwanda, lakini kama mwenye mali analala Birere, mtaa wa hapa Goma, mtu mwenye karatasi ya mahakama atagonga mlango wa Birere. Ndivyo ilivyo sheria ya Marekani ya mwaka 2018 iitwayo CLOUD Act: kampuni iliyo chini ya sheria za nchi hiyo ikiamriwa itoe data ilizonazo, itazitoa hata kama seva iko ng'ambo.

Nikabaki na mbili: Proton Mail ya Geneva, Uswisi, na Tuta ya Hannover, Ujerumani. Zote zinatunza barua zikiwa zimefungwa kwa ufunguo ambao kampuni yenyewe haina. Tuta inafunga hadi kichwa cha barua, yaani ule mstari wa mada. Proton haikifungi hivyo. Kwetu hilo lilikuwa na uzito, maana katibu wetu ana desturi ya kuandika jina la mgonjwa kwenye kichwa. Nimemkataza mara tatu. Bado anaandika.

Na wanaodhani Uswisi ni pango lisiloingilika, wakumbuke mwaka 2021. Polisi wa Ufaransa waliomba, wakuu wa Uswisi wakaamuru, na Proton ikaanza kurekodi anwani ya IP ya mwanaharakati wa mazingira, yaani namba inayoonyesha aliingilia mtandao gani, kisha ikaitoa. Barua zake zilibaki zimefungwa. Kwa hiyo kabla ya kuangalia bendera, angalia kampuni inashika nini juu yako, au inaweza kuamriwa kuanza kushika nini, kwa sababu hicho ndicho itakachotoa.

Mama mweka hazina alisikiliza yote hayo, kisha akauliza: "Ndugu yangu, hiyo ya Ujerumani inalipwa na M-Pesa?" Hailipwi. Tukachukua Tuta ya bure, yenye gigabaiti 1, ambayo kwa maandishi matupu inatosha. Ila usipoifungua kwa miezi 6, wanaifuta, basi kila mwisho wa mwezi mmoja wetu lazima aingie.

Jambo lililonisumbua kuliko sheria zote ni nenosiri. Kampuni isiyo na ufunguo wako haiwezi kukurudishia barua ukisahau. Akaunti yangu ya zamani, kwingineko, niliipoteza kwa sababu laini ilikaa bila kutumika, namba akapewa mtu mwingine, na msimbo wa kuingilia unaotumwa kwa SMS ukawa unaenda kwake. Safari hii nimeandika msimbo wa kurejesha kwenye karatasi mbili, nyumba mbili tofauti. Najua kwa nini nyumba moja haitoshi: Mei 2021, volkano ya Nyiragongo ilipotutoa mbio hadi Sake, nilibeba watoto na godoro. Karatasi zangu za wakati huo hata sikuzikumbuka.

Limebaki tatizo la daktari wetu, ambaye yuko Gmail na hataki kuhama. Ukimwandikia kawaida, nakala inalala kwa Google bila kufuli lako. Tuta inaruhusu kumtumia mtu wa nje barua iliyofungwa kwa nenosiri. Nenosiri hilo hatulitumi popote. Tulimpa kwa mdomo, mlangoni pa ofisi yake.