Barua kwa mwanangu: usingizi na huzuni

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kama huzuni ndiyo inayokunyima usingizi, au kukosa usingizi ndiko kunakokuletea huzuni. Nilipoanza uuguzi tulifundishwa kwamba sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, ndiyo mzizi, na kwamba mgonjwa akipona, usingizi utarudi wenyewe. Siku hizi hatusemi hivyo. Mwaka 1989 watafiti wawili wa Marekani, Ford na Kamerow, walichapisha matokeo ya mahojiano ya watu karibu 8,000 waliohojiwa mara mbili, mwaka mmoja ukipita katikati. Waliokuwa hawalali mara zote mbili walipatwa na sonona mpya kwa wingi kuliko waliolala vizuri. Basi kila kimoja humvuta mwenzake, na kukosa usingizi kunastahili kutibiwa sasa, bila kungoja huzuni iondoke kwanza.

Lakini kuna jambo nataka ulitazame kwa makini zaidi. Baba yako alipofariki, nilikuwa nikizinduka saa tisa usiku, nikikodoa macho hadi adhana ya alfajiri, na mchana sina nguvu hata ya kuchambua mchele. Mama yako mdogo, alipougua, tulimkuta usiku wa manane akifua mapazia, siku ya nne bila kulala, vidole vimechubuka kwa sabuni, naye anaimba na kuapa kwamba hajachoka. Tukamsifu kwa bidii yake, jambo linaloniuma mpaka leo. Mimi niliutamani usingizi nikaukosa. Yeye hakuuhitaji, na hiyo ilikuwa dalili ya baipola inapopanda, yaani ule ugonjwa ambao mara humpandisha mtu hisia na nguvu kupita kiasi, mara humshusha katika sonona.

Kwa hiyo ukifika kliniki usiseme tu kwamba hulali. Mweleze daktari unazinduka saa ngapi, mchana unajisikiaje, na kama umewahi kupitisha siku kadhaa ukilala kidogo sana bila kuchoka, fedha zikikutoka ovyo na maneno yakikukimbia mdomoni. Habari za mama yako mdogo usimfiche, kwa kuwa baipola hufuata damu, na dawa ya sonona ikitolewa peke yake yaweza kumpandisha mwenye ugonjwa huo. Hata ile tiba ya usingizi isiyo ya vidonge, ambayo ni nzuri sana na humtaka mtu aamke saa ileile kila siku na apunguze muda wa kukaa kitandani, kwake yeye huhitaji uangalizi, kwani kupunguziwa usingizi nako kwaweza kumpandisha.

Usiku ukikuelemea hata ukatamani usiwepo, nipigie saa hiyohiyo. Anza leo kuandika katika daftari saa unazolala na unazoamka; Jumamosi nitakuja, twende nalo kliniki pamoja.

Mama yako